Kishimo Kwenye Sabuni

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimebonyea upande wa ndani kama kijiko cha zamani, na ukucha wake ulikuwa mweupe kuliko kucha zake nyingine tisa zikijumlishwa pamoja. Kwa sababu ya kidole hicho watu walimpa jina la Dole, na jina likamganda hata mkewe akawa halitumii lile la kwenye cheti cha ndoa, isipokuwa siku za hasira. Ukilisikia jina la chetini likitoka dirishani mwa nyumba yao, ulijua ni vizuri kupita upande wa pili wa barabara.

Kazi yake ilielezeka kwa maneno mawili, na hilo lilimsumbua kila alipoketi na wageni kwenye sherehe. "Wewe mwenzetu unafanya kazi gani?" "Nabonyeza sabuni." Mgeni angebaki akimtazama kwa adabu, akingoja maelezo yaendelee, na Dole naye angebaki akitazama sahani yake, kwa kuwa maelezo yalikuwa yameisha.

Kiwanda kilikuwa kimoja tu katika mtaa ule, jengo refu la bati lenye harufu ya magadi iliyoingia hata ndani ya mifuko ya nguo za watu. Sabuni ilipikwa mapipani, ikamiminwa, ikagandishwa, ikakatwa kuwa miche mirefu ya kufulia, kisha ikapangwa juu ya chanja za mbao ikauke kwa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano miche ilipita mezani kwa Dole. Aliushika kila mche kwa mkono wa kushoto, akaubonyeza upande wa kichwa kwa gumba la kulia. Mche ulioiva ulipokea kishimo kidogo, kama kile kinachotokea shavuni mwa mtoto anapocheka, kisha ukagoma. Mche usioiva ulilimeza gumba hadi kwenye ukucha, na huo ulirudishwa kwenye chanja kama mwanafunzi aliyefeli.

Mazoea yana taabu. Nyumbani alibonyeza mkate kabla haujakatwa, alibonyeza mito kabla ya kulala, na siku mkewe aliponunua godoro jipya alimkuta amepiga magoti akilikagua kona moja baada ya nyingine. "Mume wangu, hilo tumenunua tulalie, siyo tufulie," mkewe alimwambia. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye pini mdomoni na maneno yenye ncha kuzishinda. Sokoni nako wauza nyanya walimjua. Akitokea tu, mmoja angepaza sauti: "Shemeji! Hapa kwangu ukibonyeza umenunua!"

Sasa, lipo jambo ambalo Dole hakuwahi kumwambia mtu yeyote kiwandani. Siku aliyoanza kazi, miaka ishirini na sita iliyopita, alionyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza yake, yenye saini ya mzee mwenye kiwanda: *Bonyeza mche mmoja katika kila kumi.* Aliisoma, akaielewa, akaitii kwa siku tatu. Siku ya nne, wakati akihesabu tisa ya kupitisha bila kuguswa, mmoja wapo ulimteleza mkononi, akaudaka, na kidole kikazama. Mche ulikuwa mbichi kabisa. Je, katika siku tatu zile alipitisha mingapi ya namna hiyo? Ni akina mama wangapi waliokuwa wakimlaani mbele ya mabeseni yao? Tangu siku hiyo alibonyeza yote kumi. Wala hakuona kuwa ni bidii. Aliona kuwa ni udhaifu: mwenzake mwenye moyo thabiti angebonyeza mmoja akawa na amani. Kwa hiyo alifanya kazi mara kumi zaidi ya alivyoagizwa, na kwa miaka ishirini na sita aliificha siri hiyo kama mtu anayekunywa kwa kujificha.

Mzee mwenye kiwanda hakuwa mtu wa kutangaza biashara. Langoni paliwekwa ubao wenye neno moja, SABUNI, na alipoulizwa mbona asiongeze neno la pili alijibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini magoti ya mzee yalichoka kabla ya methali zake. Alikwenda kupumzika, na kiwanda kikashikwa na mwanawe, mtu wa miaka arobaini na minne, mrefu kuliko baba yake, ambaye wafanyakazi waliendelea kumwita Bosi Mdogo. Huyu aliupenda urithi wake, ila alikuwa na aibu nao kidogo, kama kijana anayesindikizwa shuleni na mama yake. Kabla ya mwezi kuisha akamleta Mshauri.

Mshauri alikuwa mwanamke kijana, mwerevu kweli, mwenye kompyuta nyembamba kama kibao cha kukatia mboga. Aliwakusanya wafanyakazi wote katika ukumbi wa kulia chakula, akawauliza swali lililowatia mashaka kwa jinsi lilivyokuwa rahisi.

"Nyinyi mnauza nini?"

Watu wakatazamana. Swali la namna hiyo kwa kawaida huulizwa na polisi. Mwishowe alijibu mama mmoja wa kwenye mashine ya kukatia, ambaye kwa sababu ya kazi yake na ulimi wake aliitwa Msumeno.

"Sabuni."

"Hapana," Mshauri alisema, akitabasamu.

"Haya. Basi atuambie mtu, miaka yote hii mimi nimekuwa nakata nini?"

"Hamuuzi sabuni, mama. Mnauza hisia. Mteja hanunui mche. Ananunua jinsi anavyojiona akiwa ameushika ule mche."

"Mimi nikimwona ameushika, namwona anafua."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mshauri akacheka nao, jambo lililowafanya wampende bila kumwelewa. Kisha akachora ubaoni pembetatu, ndani yake akaandika Ndoto, Dhamira na Thamani. Dole peke yake ndiye aliyekuwa ametoka nyumbani na daftari. Aliinakili pembetatu yote, pamoja na mishale, kwa mwandiko safi. Hakuwa akikejeli. Alikuwa mtu wa aina ile ambayo, ikikutana na jambo isilolielewa, huamini kuwa kosa ni lake.

Mkakati, kama ulivyoelezwa siku ile, ulikuwa na mambo matatu. Mche utafungwa katika karatasi ya kung'aa yenye picha ya mwanamke akilitabasamia shuka. Mche utapitishwa katika kalibu mpya ya kuulainisha usiwe na kovu wala kona. Na ukavu wa sabuni utapimwa na mashine yenye sindano, itakayodunga mche mmoja katika kila kumi, kama kanuni ya kiwanda ilivyosema tangu zamani.

Dole aliinua mkono. "Na meza ya kubonyezea?"

"Meza itastaafu," alisema Mshauri kwa upole.

"Na anayekaa mezani?"

Bosi Mdogo akakohoa. Ikaelezwa kwamba anayekaa mezani hatafukuzwa, la hasha, bali anapandishwa cheo. Kuanzia Jumatatu angekuwa Ofisa wa Uzoefu wa Mteja. Angekaa langoni, na kiti, na kitabu, na beji, apokee malalamiko ya wateja. Nafasi hiyo ingetazamwa tena baada ya miezi mitatu, kwa kuwa katika mkakati mpya kila kiti kilipaswa kuthibitisha umuhimu wake.

"Kitathibitishaje?" Dole aliuliza.

"Kwa idadi ya malalamiko utakayopokea."

Alimweleza mkewe jioni hiyo, yeye ameketi kwenye kigoda, mkewe anapinda suruali ya mtu.

"Ngoja nielewe," mkewe alisema, akitoa pini mdomoni. "Sabuni ikiwa nzuri, hakuna malalamiko, unafukuzwa."

"Ndiyo."

"Ikiwa mbaya, watu wanalalamika, unabaki."

"Ndiyo."

"Na hao ndio wamesoma?" Akairudisha pini. Baada ya mishono michache akaitoa tena. "Nikuandikie lalamiko moja la kuanzia? Ninayo mengi. Siyo ya sabuni tu."

Dole alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na tangu utu uzima hakuwahi kufanya kazi nyingine wala kuwazia nyingine. Hakukiogopa kiti cha langoni. Alichokiogopa ni asubuhi ya kuamka, gumba likiwa zima, na kusiwe na popote pa kulipeleka.

Mwezi wa kwanza hapakuja mtu. Maduka yalikuwa bado na miche ya zamani. Dole aliketi langoni na beji yake, akawaamkia wapita njia, akamwelekeza mzee mmoja zahanati, akaandika kitabuni "Mteja: hakuna. Lalamiko: hakuna," siku baada ya siku. Msumeno alimpitia kila mchana na kumwuliza, "Ofisa, leo umeonja uzoefu gani?" Dole angejibu kuwa leo ni jua tu.

Wiki ya tano alitokea mwenye duka mmoja, amebeba katoni begani, uso umekunjamana.

"Chukueni bandia yenu," akasema, akaitua mezani.

"Siyo bandia, ndugu yangu. Imetoka humu humu ndani."

"Humu ndani? Basi humu ndani kuna mtu anawaibia jina." Akachana karatasi yenye mwanamke wa shuka, akautoa mche laini kama shavu la sanamu, akaugeuza huku na huku, kisha akafanya jambo lililomfanya Dole aiweke kalamu chini. Aliliweka gumba lake kichwani mwa mche, akalitembeza, akitafuta. "Iko wapi alama? Iko wapi? Kwetu bibi alitufundisha tukiwa wadogo: ukitumwa sabuni, tafuta kishimo. Gumba likikaa na kusimama, imeiva, lete. Likipotea, rudisha. Sasa wateja wangu wanatafuta kishimo hawaoni. Wanataka kunipiga mimi."

Baada yake walikuja wawili. Kisha sita. Ikafika siku foleni ikapinda kona ya ukuta, na kila aliyekuja alikuwa amelinyoosha gumba hewani kama mtu anayeomba kupiga kura. Dole aligundua kwamba kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepeana mikono na mji mzima bila kujua. Mtu mwingine angejivuna. Yeye alipata hofu. Maana kama kishimo kilikuwa kwenye kila mche, na kanuni ilisema mmoja katika kumi, basi kila mteja aliyesimama pale alikuwa shahidi wa uasi wake. Na kovu lile ambalo Mshauri alileta kalibu ya kuliondoa, kovu la kila mche uliowahi kutoka kiwandani, lilikuwa lake.

Kwa hiyo aliandika ukweli, ila ukweli uliovaa kanzu ndefu. "Mteja hakuridhishwa na mwonekano."

Mshauri alizisoma ripoti zake kwa makini, kwa kuwa alikuwa mchapakazi. Mwonekano? Basi yule mwanamke wa kwenye karatasi akaongezewa tabasamu. Malalamiko yakazidi. Akaongezewa tena, hadi akaonekana kama mtu anayeumwa jino mbele ya shuka la mwenzake. "Mteja bado hakuridhishwa na mwonekano," Dole aliandika. Mche ukabadilishwa umbo ukawa wa mviringo, ukawa unabingirika kutoka kwenye meza za wauzaji na kwenda zake mtaroni. Na kadiri mambo yalivyoharibika, ndivyo kiti cha Dole kilivyothibitisha umuhimu wake. Bosi Mdogo alimpa mkono mbele ya watu. "Kitengo chako ndicho pekee kinachokua," akamwambia, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajacheka siku nyingi.

Nyumbani mkewe alimtazama akiubonyeza mkate bila kuula, akaweka kikombe chini.

"Sema huko kazini."

"Nikisema, nitaonekana najisifu, eti kiwanda kizima kilisimama juu ya dole langu. Na nikishasema, watauliza: nani alikuruhusu? Karatasi ipo ukutani. Mmoja katika kumi."

"Na usiposema?"

"Nabaki na kiti. Kiwanda kinakwenda."

"Kiti cha kwenye kiwanda kilichokwenda," mkewe alisema, "utakuja kukiweka hapa sebuleni? Mimi nina watu wengi nawajua wanaojificha. Huyu kaiba, yule kadanganya. Wewe ndiye wa kwanza kumwona anajificha kwa kosa la kufanya kazi kupita alivyotumwa." Kisha, kwa sauti ya chini, akamwita kwa jina la kwenye cheti, na hakuwa na hasira. Dole akashtuka kuliko kama angekuwa nayo.

Lakini ushujaa si shati, huwezi kuuvaa asubuhi kwa kuwa tu umeuona umeanikwa. Alikwenda kazini amenuia kusema, akapita mlango wa ofisi mara tatu, na mara zote tatu akakumbuka kwamba alihitaji kwenda msalani. Aliyemwokoa, au kumwangamiza, hakujua bado, ni Mama Jumla.

Mama Jumla alikuwa mfanyabiashara wa jumla aliyesambaza sabuni ile katika nusu ya maduka ya mji. Aliingia siku hiyo na lori zima la katoni za kurudisha, akampita Dole langoni akimwambia, "Baba, andika kabisa, ila usinizuie," akaingia moja kwa moja ofisini kwa Bosi Mdogo. Dole akamfuata na kitabu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mshauri alikuwamo.

Mama Jumla alitoa mkobani miche miwili: mmoja wa zamani, wenye kona na kishimo, mwingine wa mviringo. Akaweka gumba kwenye kishimo.

"Hiki nani alikuwa anakiweka?"

Bosi Mdogo alikitazama kishimo kama anakiona mara ya kwanza, na kusema kweli alikuwa anakiona mara ya kwanza. Akamgeukia Mshauri.

"Ni kasoro ya uzalishaji," Mshauri alisema. "Tumeshaiondoa."

"Mmeiondoa!" Mama Jumla akaketi bila kukaribishwa. "Mwanangu, huko nje watu hawajui jina la sabuni yenu. Wanasema 'nipe ile ya kishimo.' Mmetoa kishimo, mmewapa mwanamke anayelicheka shuka. Nimeuliza swali mimi. Nani?"

Dole alitazama kitabu chake. Aliona mwandiko wake mwenyewe, mara mia na kitu: mwonekano, mwonekano, mwonekano.

"Ni mimi," alisema.

Watatu wakageuka. Akaeleza yote, kwa mpangilio mbaya, akianzia katikati: mche uliomteleza, siku tatu za mwanzo, karatasi ya ukutani. "Niliagizwa mmoja katika kumi. Nilikuwa nabonyeza yote. Wala sikuomba ruhusa. Na ripoti hizi nazo niliziandika nikijua. Nisameheni, au mfanye mnavyoona." Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mkono wake, akaliweka gumba kwenye kishimo cha mche wa zamani. Likatulia humo kama yai kiotani.

Alingoja kufukuzwa. Badala yake Mshauri aliinuka taratibu, macho yanang'aa.

"Lakini huu," alisema, "ndio uhalisi wenyewe!"

Na hapo Dole akajua kwamba taabu zake ndiyo kwanza zinaanza.

Katika wiki tatu zilizofuata gumba lake lilihudumiwa kuliko alivyohudumiwa yeye siku ya harusi yake. Lilipakwa poda, likapigwa picha, likazamishwa katika plasta. Bango likapandishwa juu ya ukuta wa kiwanda, gumba lenye urefu wa ghorofa moja, na chini yake maneno: *Dole Lake, Imani Yako.* Mkewe alilitazama bango kwa muda, akasema afadhali hawakuchukua pua. Miche ikarudishiwa kona zake. Kutoka kwenye plasta likatengenezwa dole la chuma, likafungwa kwenye mashine ya Msumeno, na kila mche ulipokatwa tu, pap! ukapata kishimo, kizuri, cha katikati, kinachofanana na chenzake kama mapacha.

"Na upimaji?" Dole aliuliza.

"Wateja wamepata alama yao," Mshauri alisema. "Mashine ya sindano ilikuwa inatuchelewesha, tumeiweka kando. Na oda ni nyingi, kwa hiyo siku za kukausha zimekuwa tano."

"Lakini kile kishimo kilikuwa kinauliza swali. Hiki..." Alitafuta neno. "Hiki hakiulizi kitu."

"Ndiyo uzuri wa chapa, Bwana Dole. Swali likishajibiwa, halirudiwi."

Yeye mwenyewe, akaambiwa, atakuwa Balozi wa Chapa. Kiti ni cha kudumu, hakitatazamwa tena. Hakuna malalamiko, hakuna miezi mitatu. Kile alichokuwa anakiogopa kiliondolewa chote, akabakiwa na jambo moja la kufanya: atabasamu, na anyamaze. Alimwambia mkewe kuwa mambo sasa ni shwari. Mkewe alimsogezea mkate. Dole hakuubonyeza, na hilo mkewe halikumpendeza hata kidogo.

Siku ya uzinduzi wafanyabiashara walijaa uwanjani chini ya hema, Mama Jumla mstari wa mbele na mkoba magotini. Bosi Mdogo alihutubia. Mshauri alionyesha pembetatu. Kisha ikaja zamu ya Balozi: achukue mche mmoja kutoka katoni ya kwanza, aweke gumba kwenye kishimo, atabasamu, apigwe picha. Alikuwa amefanyishwa mazoezi mara nne, na mara zote nne alipewa mche wa mbao.

Akauchukua mche. Ulikuwa mzito kuliko ilivyopaswa, mzito wa maji. Akaliweka gumba. Alinuia kuliweka tu, Mungu ni shahidi, lakini miaka ishirini na sita haiombi ruhusa. Gumba likabonyeza.

Likazama. Likapita kishimo, likapita ukucha, likaenda hadi kwenye kifundo. Alijaribu kulichomoa, sabuni ikalifyonza. Mpiga picha, ambaye alikuwa ameelekezwa kupiga tu, akapiga. Dole aliutikisa mkono, mche ukaning'inia pale pale, ukiyumba kama kengele, watu wakidhani anawapungia. Baadhi wakampungia pia.

"Baba," sauti ya Mama Jumla ikapasua hema, "hiyo imeiva au imekufa?"

Bosi Mdogo alimtazama. Mshauri alimtazama. Dole naye aliutazama mche, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alikuwa na swali ambalo jibu lake alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote pale.

"Haijaiva," alisema. "Irudi kwenye chanja."

Wala hakungoja. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akajichomoa, akauweka pembeni, akachukua wa pili. "Urudi." Wa tatu. "Urudi." Wa nne, wa tano. Poda ilikuwa imeshamtoka gumbani. Wa kumi na moja ulimgomea. Aliushikilia kidogo, akaubonyeza tena ili kuwa na hakika, akaona aibu, akautoa. "Huu sawa." Mama Jumla akainuka na mkoba wake, akaja kusimama mbele ya meza. "Ule sawa ni wangu," akasema. "Na mwingine utakaopita ni wangu. Wengine pangeni mstari." Uzinduzi ukawa foleni. Bosi Mdogo, baada ya kusimama kwa muda na hotuba ya kufungia mkononi, aliikunja akaitia mfukoni, akavua koti, akaanza kubeba iliyofeli kuirudisha kwenye chanja.

Dole la chuma lilifunguliwa kwenye mashine. Msumeno alilichukua, likawa la kuzuilia mlango. Bango lilibaki, kwa kuwa kulishusha ni gharama. Kabla ya kuondoka, Mshauri alikuja kuketi mezani kwa Dole, ile meza iliyostaafu na kurudishwa kazini, akamtazama akifanya kazi kwa nusu saa.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza?" akamwuliza. "Niliuliza mnauza nini. Ulikuwa na daftari."

Dole alifikiri. "Dada yangu, sikujua kwamba najua."

Mshauri akaliandika hilo. Na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo ilikuwa fupi kuliko zote, alishauri kiwanda kiajiri wabonyezaji sita, wafundishwe na Dole.

Aliwafundisha wiki mbili, akina mama sita wenye magumba imara, na akawaruhusu waanze. Siku tatu zikapita. Siku ya nne Mama Jumla alisimama mlangoni mwa chumba cha kukaushia, amekamata mche mmoja, akiuelekezea kichwa chake kwa Dole.

"Baba, hesabu."

Dole akahesabu. Vishimo viwili, kimoja kando ya kingine.

"Wateja wanasema cha pili ni cha wezi wanaotengeneza bandia," Mama Jumla alisema. "Nani anaweka cha pili?"

Akina mama sita wote walitazama dari, isipokuwa mmoja aliyekuwa akiuma midomo asicheke. Hakukuwa na haja ya kusema. Kwa siku tatu, kila walipomaliza safu, waliisikia hatua ya taratibu nyuma yao, na sauti ya mtu akihema kama anayebeba siri.

"Ni mimi," Dole alisema. "Nilikuwa nahakikisha."

"Wanabonyeza vibaya?"

"Hapana. Sijakuta hata mmoja mbichi."

"Basi?"

Tangu mchana ule hadi kengele ya kutokea Dole alipita kati ya meza sita akisema vizuri, vizuri mama, endelea hivyo, na mkono wa kulia aliutumbukiza mfukoni mwa suruali, ambako alikuwa na funguo za nyumbani, kitambaa, na kipande cha mkate alichowekewa na mkewe. Jioni mkewe alipoutoa ule mkate mfukoni kabla ya kufua, ulikuwa bapa kama bahasha. Aliugeuza huku na huku, akautafuta upande wa kichwa, akaubonyeza.

"Umeiva," akasema, akamrudishia mumewe.